Gredi ya Kidato cha Nne Inahesabiwa Namna Gani?

Katika vikundi tunavyotembelea, wazazi hutuuliza: mbona mtoto aliyekuwa na ripoti nzuri kila muhula alipata C katika KCSE, na mwenzake aliyekuwa nyuma yake akapata C+? Wengine husema ni bahati, wengine husema kuna mkono wa mtu. Basi tuangalie hesabu yenyewe, maana C+ ndiyo mlango wa digrii, na pointi moja tu yaweza kuufunga.

Kwanza, ile ripoti ya muhula haihesabiwi katika KCSE. Mtoto anaweza kuongoza darasa miaka minne na isimwongezee hata alama moja. Kinachohesabiwa ni karatasi za mwisho, pamoja na mitihani ya maabara na kazi za mradi, kama ule wa Kilimo, zinazofanywa shuleni katika Kidato cha Nne. Kwa hiyo mtahiniwa akikosa wakati wa mradi, hasara iko pale pale.

Kila somo lina gredi, na kila gredi ina pointi: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, hivyo hivyo kushuka mpaka E ambayo ni 1. Pointi za masomo saba zinajumlishwa. Ukipata 46 mpaka 52 hiyo ni C+. Ukipata 45 ni C.

Masomo saba yapi? Hapo ndipo wengi wanachanganyikiwa, kwa sababu mpango ulibadilika mwaka wa 2023. Zamani zilihesabiwa Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, sayansi mbili, somo moja kama Historia au Dini, na jingine moja. Siku hizi ni Hisabati, lugha moja aliyoifanya vizuri zaidi, halafu masomo mengine matano aliyopita vizuri zaidi.

Tuseme msichana amepata Hisabati 3, Kiingereza 5, Kiswahili 9, Biolojia 6, Kemia 2, Historia 8, Dini 9 na Kilimo 7. Kwa hesabu ya zamani anapata 42, yaani C. Kwa hesabu ya sasa Kemia inaachwa nje, Kilimo kinaingia, anapata 47. Hiyo ni C+. Ni msichana yule yule, na karatasi zile zile.

Lakini msikimbilie kuchinja mbuzi. Hiyo C+ haifuti ile 2 ya Kemia. Kila kozi inaangalia pia masomo yake, na anayetaka digrii ya uuguzi ataulizwa Biolojia na Kemia. Tunaona ni vizuri mtoto aambiwe hayo anapochagua masomo, si baada ya matokeo.

Sasa kuna jambo kubwa zaidi kwa wenye watoto wadogo. Darasa la mwisho la KCSE ya 8-4-4 ni la 2027. Katika mtaala mpya, mtihani wa mwisho haubebi yote. Tathmini ya Gredi ya 9, KJSEA, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka wa 2025, inabeba asilimia 60. Asilimia 20 inatoka kwa tathmini ya Gredi ya 6, na 20 nyingine kwa kazi zinazopimwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Matokeo hayo ndiyo yanayotumika kumpangia mtoto shule ya sekondari ya juu.

Vikundi vingi huchanga pesa mtoto akishafika Kidato cha Nne. Huyu wa Gredi ya 7 anaachwa nyumbani wiki mbili kwa sababu ya kuchuma majani chai au kuangalia mtoto mchanga, na hakuna anayeshtuka, eti mtihani bado uko mbali. Huko si mbali tena. Kazi aliyoikosa wiki hiyo yaweza kuwa ndiyo iliyopimwa.

Mkikutana, andikeni majina ya watoto wa wanachama walio Gredi ya 7 na ya 8. Mzazi amwone mwalimu wa darasa, aulize ni tathmini zipi zimefanywa, mtoto wake amekosa ipi, na kama inaweza kurudiwa. Aende kabla muhula haujafungwa, wakati alama hazijatumwa kwa Baraza la Mitihani.