Msitu wa Kijiji Una Mwenyewe

Ukisafiri Kasulu hata Kibondo utawakuta akina mama na mabinti wakirudi na mizigo ya kuni kichwani. Wazee wetu husimulia kwamba zamani kuni ziliokotwa nyuma ya nyumba. Siku hizi mama hutoka mapema, na hurudi jua limepanda. Je, ni nani aliyeumaliza msitu?

Wengi hujibu upesi, "Ni wakimbizi." Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Ni kweli kwamba kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa watu waliokimbia vita vya Kongo. Mwaka 2015 Warundi wengi wakaingia, na kambi ya Nduta, huko Kibondo, ikafunguliwa tena. Watu zaidi ya 100,000 wakipika maharage kwa mafiga matatu, miti haina budi kupungua. Lakini na sisi wenyeji tumefyeka mashamba mapya, tumechoma matofali na mkaa, tumewasha moto kiangazi tukauacha uende utakako. Aliyeuza mkaa alipata fedha. Mama aendaye mbali kutafuta kuni, awe mwenyeji au mkimbizi, hakupata hata senti. Yeye amebaki na uchovu na hofu ya njiani. Hapo ndipo penye neno la haki.

Basi tufanye nini? Wengine wanangoja Serikali. Kumbe sheria imekwisha kutupa uwezo! Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji, kwa niaba ya wanakijiji wote. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuchagua kamati ya kuulinda, kutunga sheria ndogo, na kutoza ada na faini. Na ugomvi wa ardhi ukizuka, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Mwanamke hakuwekwa pale kwa hisani. Ni haki yake.

Katika mkoa wetu huu wa Kigoma tumeona mfano. Mwaka 1994 marehemu Dakta Jane Goodall, aliyekuja Gombe mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, alianzisha kazi iitwayo TACARE, baada ya kuiona milima kandokando ya hifadhi imebaki uchi. Wafanyakazi wake hawakuanza kwa kuwagombeza watu juu ya miti. Waliwauliza wanakijiji shida zao, nao wakataja afya, maji, shule na mashamba. Kwa miaka mingi kazi hiyo iliongozwa na Mtanzania, Bwana Emmanuel Mtiti. Vijiji vikapanga matumizi ya ardhi, vikatenga misitu, vikachagua walinzi kutoka miongoni mwao. Kiongozi mwema huanza kwa kusikiliza.

Huko Kibondo tunao walinzi wengine, nao ni wafuga nyuki. Mwenye mizinga hauogopi msitu, bali huuogopea moto. Hata hivyo, tuache mizinga ya magome, kwa maana mti uliochunwa gome kuuzunguka hufa. Mzinga wa mbao hudumu, na mti hubaki ukitoa maua mwaka kwa mwaka.

Mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu ni kuandika. Nimejifunza kwamba neno lisiloandikwa hugeuka kila linaposimuliwa. Kwa hiyo nawasihi ndugu zangu mambo matatu. Kwanza, mkutano mkuu wa kijiji ukiitwa, nendeni, baba na mama pamoja. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 anayo sauti pale. Pili, mipaka ya msitu na sheria ndogo ziandikwe katika muhtasari, zisomwe mbele ya watu wote. Tatu, kila faini na itolewe stakabadhi, na hesabu isomwe hadharani. Kamati isiyosoma hesabu huanza kulinda msitu, ikaishia kuuuza.

Na ukiona ndugu wa mjumbe amekata mti akasamehewa, huku mjane akitozwa faini kwa mzigo mmoja wa kuni, usinyamaze. Simama mkutanoni, useme kwa adabu. Msitu hauwezi kupona mahali ambapo haki ni mgonjwa.

Mungu alimweka Adamu bustanini ailime na kuitunza. Kulima twajua sana. Sasa tujifunze kutunza, tena kwa pamoja, ili binti zetu wafike shuleni kabla ya kengele, wasichelewe porini wakitafuta kuni.