Breki Zinapolia

Motokaa ya shule yetu hujulikana kabla haijaonekana. Ikishuka kilima kuelekea lango, breki zake hulia kama mwana-mbuzi, na wanafunzi wa madarasa ya chini hucheka. Wengi husema, "Ni kelele tu, mradi inasimama." Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikimsaidia mzee dereva wetu kila Jumamosi, naye amenifundisha kwamba hiyo "mradi inasimama" ndiyo iuayo watu. Kwa hiyo napenda kuwaeleza wenzangu, na hasa ninyi wanafunzi wa zamani mlio na motokaa zenu, sababu za kelele hiyo na dawa yake.

Kwanza tuelewe kazi ya breki. Motokaa nyingi zina breki za diski kwenye magurudumu ya mbele, na nyingine zina breki za ngoma nyuma. Diski ni sahani ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu. Ukikanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pistoni, nayo hukaza pedi mbili, moja upande huu na moja upande ule, kama vidole viwili vibanavyo sahani. Mwendo hugeuka kuwa joto, na motokaa husimama.

Basi sauti hutoka wapi? Mtazameni mpiga endingidi. Uta wake hunasa uzi, huuachilia, hunasa tena upesi sana, na uzi hutetemeka ukaimba. Pedi na diski hufanya vivyo hivyo, na zikilia hutetemeka zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde moja. Jambo hili si geni. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hati ya uvumbuzi wa breki za diski mwaka wa 1902, lakini kwa kuwa madini yalisuguana na madini, zilipiga kelele kali mno. Baadaye Herbert Frood alizivika pedi asbesto, na kelele zikapungua. Lakini vumbi la asbesto huleta saratani, na Uingereza iliipiga marufuku mwaka wa 1999.

Fundi mwema husikiliza kabla ya kushika spana. Zipo sauti nne za kutofautisha:

1. Sauti ya asubuhi tu, au baada ya mvua. Hiyo ni kutu nyepesi juu ya diski. Huisha ukikanyaga breki mara chache, wala si ugonjwa.

2. Mlio mwembamba usiokoma, ambao pengine husikika hata kabla hujakanyaga. Pedi nyingi zina kibati kidogo cha chuma kigusacho diski pedi inapokwisha. Kimewekwa makusudi ili kikuonye.

3. Mkwaruzo mzito, kama jiwe la kusagia. Pedi imekwisha kabisa, na chuma chala chuma. Usiendeshe tena motokaa hiyo.

4. Mlio wakati wa kukanyaga polepole, hali pedi ni nene. Huenda pedi zinachezacheza mahali pake, au uso wake umekuwa laini na kung'aa kama kioo kwa sababu ya joto la mteremko mrefu.

Sasa matengenezo. Simamisha motokaa mahali tambarare, na uzuie kwa mawe magurudumu yatakayobaki chini. Legeza nati kabla ya kuinua. Jeki ikiisha kuinua, weka chini yake stendi imara. Usiamini jeki peke yake. Ondoa gurudumu utazame pedi zote mbili. Zikibaki chini ya milimita 3, badilisha, tena badilisha za kushoto na za kulia pamoja, motokaa isije ikavuta upande mmoja. Ikiwa pedi moja imekwisha kuliko mwenzake, chunguza pini za kuteleza. Pengine zimekwama kwa kutu.

Vumbi usilipulize kwa mdomo. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Pedi nene iliyong'aa yaweza kusuguliwa kidogo kwa msasa. Kisha paka grisi ya breki, ile ivumiliayo joto, kidogo sana mgongoni mwa pedi na kwenye pini. Usoni mwa pedi na juu ya diski usipake kitu chochote.

Hapo nataka kukaza neno. Fundi mmoja wa kando ya barabara alitushauri tutie matone ya oili kwenye pedi ili zinyamaze. Mzee dereva alimjibu, "Zitanyamaza kweli, na sisi tutanyamaza pamoja nazo." Breki hufanya kazi kwa kukwaruzana, ukiweka oili, umeondoa kitu kile kile kinachosimamisha motokaa. Pedi iliyolowa oili haifai tena, itupwe.

Ukiisha kurudisha kila kitu, kanyaga breki mara nyingi motokaa ikiwa imesimama, mpaka uisikie ngumu mguuni. Pistoni iliyorudishwa nyuma haibani mara ya kwanza, na wengine wamegonga ukuta wa gereji kwa kusahau hili. Halafu jaribu polepole mahali pasipo watu.

Nanyi mpitao barabara za milimani, kama ile itokayo Kabale kwenda Kisoro, tumieni gia ndogo mnaposhuka, breki zisipate kuungua. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pedi ni kitu cha bei ndogo. Diski iliyochimbika ni ghali zaidi. Na abiria waliomo ndani hawana bei. Motokaa yako ikilia, shuka uitazame siku hiyo hiyo.