Anayeacha Pombe Anahitaji Wenzake

Zamani Gusii, busaa ilinywewa kwa kikao. Unga wa mahindi uliokaangwa na kimea cha wimbi vilichachushwa, vikatiwa maji ya moto chunguni, na wazee wakakizunguka chungu hicho, kila mmoja na mrija wake mrefu. Pombe na mazungumzo vilikwenda pamoja. Siku hizi wengi wamehamia kwenye chang'aa na vichupa vya dukani, lakini kikao hakijavunjika. Mkazi wa Sironga, Kaunti ya Nyamira, anayeamua kuacha hapotezi kinywaji tu. Anapoteza pia wale aliozoea kukaa nao jioni. Ndiyo maana kuna anayeapa Jumatatu, na Ijumaa akaonekana palepale.

Ugumu wa kwanza, hata hivyo, umo mwilini. Pombe huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza ubongo, na kuizuia glutamati, ile inayouchangamsha. Mtu akinywa kila siku kwa miezi au miaka, ubongo hujirekebisha: hupunguza utulivu wake wenyewe na kuongeza msisimko. Pombe ikikatwa ghafla, msisimko huo hubaki bila breki. Saa chache tu baadaye mikono hutetemeka hata kikombe cha chai kinamwagika, jasho linatoka, usingizi unapaa. Degedege likija, mara nyingi huja ndani ya siku mbili za kwanza. Kuweweseka na kuona visivyokuwepo hufuata kati ya siku ya pili na ya nne, na hali hiyo inaweza kuua. Kwa hiyo mnywaji mzito asijifungie nyumbani na kusali tu. Aanzie hospitalini, iwe ya rufaa ya Kaunti ya Nyamira au ile ya mafunzo na rufaa ya Kisii, apewe dawa za kutuliza na vitamini B1 ya kuukinga ubongo.

Mwili ukishatulia, kumbukumbu hubaki. Ubongo umeunganisha pombe na njia fulani, saa fulani, rafiki fulani, hata mlio wa simu unaotangaza kwamba pesa za majani chai zimeingia. Ishara hizi huamsha hamu miezi kadhaa baada ya glasi ya mwisho, wala hakuna sindano ya kuzifuta. Hapo ndipo kikundi cha wanaoacha pombe kinapokuwa na kazi.

Katika miaka ya 1990, mradi wa Marekani uitwao Project MATCH ulifuatilia watu 1,726 waliokuwa wakitibiwa ulevi. Miaka mitatu baadaye, wale ambao marafiki zao wengi walikuwa wanywaji ndio waliofaidika zaidi na tiba iliyowaelekeza kwenye vikundi vya Alcoholics Anonymous, yaani AA. Mwaka 2020, mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaopima ushahidi wa tiba, yalijumlisha tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000. Yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, takriban 42 kati ya kila 100 walioelekezwa AA kwa utaratibu maalumu walikuwa hawajanywa kabisa, ikilinganishwa na 35 waliopata tiba nyingine. Tofauti hiyo si muujiza, lakini vikundi hivyo havitozi hata shilingi.

Karibu na kwetu, huko Eldoret, watafiti waliwafunza watu wasio madaktari kuendesha vikundi vya wanywaji wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Wanaume walikutana peke yao na wanawake peke yao, mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Matokeo ya jaribio la kwanza, lililohusisha watu 75, yalichapishwa mwaka 2011: siku 90 baada ya vikao, asilimia 69 ya waliohudhuria walisema hawanywi, dhidi ya asilimia 38 ya waliopata huduma ya kawaida. Kutenganisha jinsia kulikuwa na maana, kwa sababu mwanamke mlevi hubeba aibu ambayo mwanamume husamehewa.

Mkutano wa AA hauna makuu. Viti hupangwa duara, mtu anajitaja kwa jina moja, anaeleza wiki yake ilivyokwenda, na wengine wanasikiliza bila kumkatiza wala kumhubiria. Sharti la kuingia ni moja: kutaka kuacha pombe. Yanayosemwa pale hayatoki nje, jambo kubwa katika soko dogo ambako kila mtu anamjua shemeji yako.

Utakipata wapi kikundi? Piga 1192, namba isiyolipiwa ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Uliza kliniki ya afya ya akili hospitalini, au mchungaji ambaye ukumbi wake huazimwa na vikundi vya kijamii. Kilicho mbali kidogo kinaweza hata kukufaa zaidi, maana hutakutana na jirani mlangoni. Pasipo na chochote karibu, iko mikutano ya AA kwa simu na intaneti, na watu wawili wanatosha kuanzisha kikundi: AA yenyewe ilianza mwaka 1935 mjini Akron, kwa mazungumzo ya dalali wa hisa na daktari, wote walevi.

Kwa mkulima wa chai, wakati nao una maana. Bonasi hulipwa mwezi Oktoba, na ndio mwezi wenye ishara nyingi kuliko yote. Anayetaka kuacha asingoje Januari. Ajiunge na kikundi Julai au Agosti, ili pesa zikiingia awe tayari na mtu wa kumpigia simu jioni hiyo.