Nikikaza Taya, Sikio Linalia

"Unanisikia au hunisikii?" Mume wangu aliuliza mara ya tatu, ugali unapoa mezani. Nilikuwa namsikia. Ila na ule mlio nao nilikuwa nausikia: ziii, sikio la kushoto, kama mbu asiyetua. Akadhani nimemnunia. Tukalala tumepeana migongo.

Kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani hapa mpakani Tunduma. Kutwa simu nimeibana kati ya bega na sikio, mikono inaandika, nje malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapigiana honi. Nikasema ni honi tu, zitapita. Mama mkwe akasema kuna mtu ananiteta.

Kilichonishtua ni muwa. Nikitafuna, mlio unapanda, nikiacha, unashuka. Nikigeuza shingo, unabadilika kama redio inayotafuta stesheni. Jamani, nilidhani nachanganyikiwa.

Tukapanda basi hadi Mbeya kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akanichungulia, akanipima usikivu, kisha akaniambia nikaze meno, nisukume taya mbele, halafu nisukumane kichwa na kiganja chake. Mlio ukapanda palepale. Kumbe si wazimu! Neva za taya na za shingo hupeleka taarifa zake hadi kwenye kituo cha kwanza cha ubongo kinachopokea sauti kutoka sikioni. Misuli ikikazika, kituo hicho kinaweza kuchochewa, ukasikia sauti isiyokuwepo. Mwaka 1999 daktari Robert Levine wa Marekani aliandika kwamba takriban theluthi mbili ya wagonjwa wake wa mlio waliweza kuubadilisha kwa kukaza misuli ya kichwa na shingo.

"Unasaga meno usiku?" Nikakataa katakata. Mume wangu pembeni akacheka: "Daktari, huyu anasaga kama mashine ya mahindi." Yaani miaka yote anasikia, kaninyamazia asije akaniaibisha! Na mimi mlio wangu nilikuwa nimemficha.

Nikapewa kinga ya meno ya kulalia na mazoezi ya shingo. Simu naongea kwa waya wa masikioni, sauti ya chini. Usiku tunaacha redio kwa mbali, maana kimya kinaukuza mlio. Haujaisha, ila umepungua. Wewe msomaji, mlio wako ukidunda sawasawa na moyo, au sikio likiziba ghafla, usingoje, wahi hospitali.

Siku hizi nikisema "linalia", ananikanda lile bega la simu. Muwa nimeacha. Yeye anautafuna mbele yangu.