Kuchoma mafuta kwa baridi: unalipa nini, unapata nini?

Alfajiri Nyansiongo, mchuma chai huingia shambani na sweta, koti na aproni ya plastiki, mvuke ukimtoka mdomoni. Chini ya nguo hizo, shingoni na karibu na mitulinga, huenda kuna mafuta yanayofanya kazi ya jiko. Ndiyo mafuta ya kahawia. Yale meupe ya tumboni ni akiba. Haya ya kahawia huchoma sukari na mafuta ili kutoa joto. Mtoto mchanga huzaliwa nayo kwa wingi. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba hata watu wazima wanayo, na tangu hapo wengi wametamani kuyageuza tiba ya unene. Bahati mbaya, aliyenenepa sana kwa kawaida anayo machache.

Tupige hesabu basi. Njia ya bei nafuu ni baridi yenyewe. Huko Japani, katika utafiti uliochapishwa 2013, watu walikaa kwenye nyuzijoto 17 saa mbili kila siku kwa wiki sita. Mafuta ya mwili yalipungua kidogo. Hutoi shilingi, lakini unatoa saa 84 za kuhisi baridi, na sahani moja ya ziada ya ugali inaweza kufuta kazi ya siku nzima. Mwenye shinikizo la damu au pumu asijaribu kuvua sweta kwa ajili ya hili.

Njia nyingine ni dawa. Mirabegron hutolewa kwa matatizo ya kibofu. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwapa vijana 12 wenye afya dozi ya miligramu 200, mara nne ya dozi ya juu ya kawaida. Miili yao ilichoma nishati zaidi kwa kiwango kinachofikia kalori 200 hivi kwa siku, lakini mapigo ya moyo na presha vilipanda. Dawa hii haijaidhinishwa kutibu unene.

Sasa tazama kikombe chako. Vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja: vijiko 12, gramu 48, kalori 190 hivi. Karibu sawa na zilizochomwa kwa dozi ile! Ukiiacha sukari hiyo, moyo wako hauendi mbio, na kwa mwezi unabakiza karibu kilo moja na nusu ya sukari ambayo hukuinunua.

Kuna pia sindano za kupunguza uzito za semaglutide, ambazo hazitegemei mafuta ya kahawia. Hupunguza hamu ya kula. Katika jaribio kubwa, uzito ulipungua kwa takriban asilimia 15 katika wiki 68. Ila ukiacha, sehemu kubwa ya uzito hurudi, kwa hiyo uliza bei ya miaka, si ya mwezi, na umwone daktari kwanza.

Vidonge vya kupunguza uzito vya DNP usivinunue kwa bei yoyote. Vinachoma mwili kweli, na vimeua watu. Marekani ilivikataza tangu 1938.

Kwa sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kutibu unene kwa kuamsha mafuta ya kahawia. Atakayekuuzia kwa jina hilo, mrudishie chupa yake.