Jina la Chombo cha Kukatia Piza

Mfasiri wa orodha za vyombo vya jiko la hoteli hana budi siku moja kukutana na chombo cha kukatia piza: bamba la chuma la mviringo, lenye makali ukingoni, lililotungwa kwenye ncha ya mpini, nalo hukata huku likibingirika. Kubingirika huko si pambo. Kisu cha kawaida kikivutwa juu ya piza yenye moto huburura jibini na nyanya. Bamba hili hukandamiza kuelekea chini, na vilivyo juu ya mkate vikabaki mahali pake.

Tukiite nini? Yafaa kwanza tuitazame njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora katika utemi wa Unyanyembe, hadi Ujiji. Katika karne ya 19 vitu vingi vya kigeni vilifika huko vichwani na mabegani mwa wapagazi, na aghalabu vilifika na majina yake. Kitambaa cha pamba kutoka Marekani kiliitwa merikani: jina lilitaja kilikotoka, wala halikutaja kazi yake. Sahani, birika na sufuria ni maneno ya asili ya Kiarabu, na meza ni ya Kireno. Leo hakuna anayeyaona mageni. Basi neno "piza" na tuliache lilivyo, kama tulivyoiacha chapati.

Chombo ni jambo jingine, kwa kuwa umbo lake laonekana kwa macho. Wako wanaopendelea "kikata piza", kwa kufuata "kifungua kopo" na "kipimajoto". Kisarufi hawakukosea. Lakini jina hilo hukifunga chombo kwenye chakula kimoja, ilhali chombo hichohicho hukata vizuri hata unga uliosukumwa wa visheti. Tena, mpishi wa Tabora ambaye hajapata kuiona piza, akitumwa kuleta kikata piza, ataleta nini? Yeye amezoea ugali, ambao humegwa kwa vidole. Akitumwa kuleta "kisu cha gurudumu", atakitambua kabatini hata kama hajawahi kukishika. Waitalia wenyewe hukiita rotella, yaani kigurudumu.

Yamkini mtu atasema kwamba gurudumu ni kitu kikubwa mno, hasa katika mji uliofikiwa na reli mwaka 1912. Hoja hiyo haina uzito. Neno "kisu" likitangulia, nani atafikiria behewa?

Iko hadhari moja kwa watumishi wa ununuzi. Piza hukatwa pia kwa kisu kirefu kilichopinda, ambacho hushikwa kwa mikono miwili na kubembezwa huku na huku. Hicho na kiitwe "kisu cha kubembeza". Hati ya zabuni ikiandika tu "kisu cha piza", muuzaji aweza kuleta chochote kati ya hivyo viwili, na mtunza ghala hatakuwa na haki ya kukikataa.