Si Kila Kinyago Cheusi ni cha Kimakonde

Familia ya Kibaha au Kisarawe ikirithi tembo au swala wa kuchonga, asili yake hutajwa upesi: akiwa mweusi ni wa Kimakonde, asipokuwa mweusi ni wa Kizaramo, maana huku ni Uzaramoni. Hukumu hiyo ina haraka. Umbo la mnyama ni shahidi dhaifu, kwa kuwa tembo wa aina moja huchongwa na watu wa makabila mengi kwa ajili ya soko. Jadi ya Wazaramo yenyewe inajulikana zaidi kwa mwana hiti, sanamu yenye umbo la mtu inayohusiana na unyago wa wasichana. Historia nayo imechanganya nasaba. Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, Kenya, alijifunza kwa wachongaji wa Kizaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaurudisha ufundi huo kwao, nao ukazaa biashara kubwa ya vinyago vya wanyama. Twiga wa Kikamba basi anaweza kuwa na asili ya mbali Uzaramoni.

Ushahidi wenye uzito umo kwenye mti. Mpingo, mti unaohusishwa na vinyago vya Kimakonde, ni mzito hata huzama majini. Kiini chake ni cheusi chenye uzambarau, na sehemu ya nje, chini ya gome, ni nyeupe ya manjano. Geuza sanamu utazame nyayo: mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu hujifichua hapo, kwa kuwa weusi wake ni wa juu juu tu. Tazama pia kazi ya mkono: kama alama za tezo zimeachwa au zimefutwa kwa msasa.

Atakayesema kwamba mpingo husafirishwa, na Mzaramo anaweza kuuchonga sawa na Mmakonde, amesema kweli. Mti hutaja malighafi, hautaji mkono. Wengine watasema neno la wazee latosha. Neno hilo ni la thamani, lakini mara nyingi hueleza kinyago kilivyoingia nyumbani, si nani alikichonga. Ndiyo maana mashahidi hawa wasikilizwe pamoja, na wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, waulizwe pia. Kabla ya kukisugua au kukiuza, andika leo aliyekinunua, mahali na mwaka, wakati wanaokumbuka bado wapo.